Kichina kwa watoto wa chekechea, Moshi: shajara ya muhula wa kwanza

Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu wanaoniuliza, "Hivi Kichina unakifundishaje kwa mtoto ambaye hata kamba za viatu hajui kufunga?" Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Pasua, Moshi mjini. Kichina nilikiokota kazini. Miaka mitatu nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara, nikajifunza kwa kuitwa, kutumwa na kufokewa, kisha nikasoma kozi ya jioni miezi sita. Utaalamu sina. Mkuu wa kituo alitaka kitu cha kututofautisha na chekechea nyingine za mtaa huu, nami nikajitia kujua.

Darasa lina watoto 22 wa miaka minne na mitano. Nimepewa siku tatu kwa wiki, dakika 20 kila siku, kabla ya uji wa saa nne. Nitaandika kila hatua inapoisha, pamoja na fedha iliyotoka mfukoni.

18 Januari 2025: Kadi

Nilianza kama nilivyofundishwa mimi: mwalimu anainua picha, anasema neno, darasa linaitikia. Nilichapisha picha 30 za rangi stesheneri, Sh 1,000 kila moja, na laminesheni Sh 500 kila moja. Jumla Sh 45,000. Zilipendeza kweli.

Siku ya kwanza waliitikia kwa sauti ya kung'oa bati. Siku ya pili nusu yao. Siku ya tatu nimeshika picha ya tufaha, lile tunaloita epo, nasema "píngguǒ", mtoto mmoja akanyoosha kidole kwa adabu zote: "Ticha, uji bado?" Nyuma yake wawili wamelala. Halafu nikagundua kuwa tufaha lenyewe wengi wao hawajawahi kulila. Wanaliona tu kwa wauza matunda, linauzwa mojamoja kama dawa. Nilikuwa nawafundisha jina geni la kitu kigeni.

Dakika 20 nazo ni nyingi. Kuanzia Jumatatu ni dakika 10, kwa saa ya ukutani.

25 Januari: Video nje, soksi ndani

Nilijaribu katuni za Kichina kwenye simu. Bando la Sh 10,000 likaisha kwa siku mbili. Watoto walitulia kama maji mtungini, mkuu akapita dirishani akatabasamu. Katuni ilipoisha nikauliza, paka anaitwaje? Kimya. Walikuwa wametazama siku mbili nzima na hakuna aliyefungua mdomo. Nimeachana nazo, ingawa nakiri zile dakika za utulivu nilizipenda kuliko wao.

Kilichofanya kazi kilinigharimu Sh 1,500: soksi ya mtumba kutoka soko la Memorial, Sh 500, na vifungo na uzi, Sh 1,000. Nimeshona mdoli mwenye masikio meusi, panda, ambaye Wachina humwita xióngmāo. Ana sheria moja: Kiswahili hajui. Ukimwambia "mambo" anatazama pembeni. Ukimwambia "nǐ hǎo" anakupa mkono. Ndani ya siku mbili kila mtoto alikuwa anamsalimia, hata wale wawili wa kulala. Mmoja akaniuliza kwa uchungu, "Sasa kama hajui Kiswahili, Moshi anaishije?"

Swali lililoniumbua lilitoka kwa msichana mdogo kuliko wote. Nilimtuma akamsalimie mama wa jikoni kwa Kichina, akagoma. "Nǐ hǎo si ya watoto?" Nikaelewa. Kwao mtu mzima ni shikamoo, hakuna mjadala. Nilikuwa nimesahau kuwa Kichina nacho kina nín, namna ya kumwita mkubwa kwa heshima. Basi kwa mdoli ni nǐ hǎo, kwa wakubwa ni nín hǎo. Mama wa jikoni ameshaelezwa, na kila anaposalimiwa anaitika "marahaba" ile ndefu ya harusini. Nimeiacha hivyohivyo.

31 Januari: Mwaka wa nyoka

Mwaka mpya wa Kichina safari hii uliangukia tarehe 29 Januari, na katika ile duru ya wanyama 12 ni mwaka wa nyoka. Nikanunua manila nne nyekundu, Sh 4,000, tukakata nyoka wa kujizungusha, tukawatundika 22 darini. Upepo ukiingia wanazunguka. Watoto walikuwa radhi wasiende nyumbani.

Jioni akaja baba mmoja. "Mwalimu, samahani. Kichina sina tatizo nacho. Ila nyoka mwekundu juu ya kichwa cha mwanangu, hapana." Asubuhi wakaja kina mama wawili na maneno hayohayo, mmoja akiwa ameshampigia mchungaji. Nilikuwa na hotuba nzima ya kalenda ya mwezi na wanyama wake. Mkuu akaniambia niishushe hotuba pamoja na nyoka.

Manila iliyobaki tumekunja bahasha nyekundu, hóngbāo, ambazo Wachina huwapa watoto zikiwa na hela wakati wa sikukuu. Zetu zilikuwa na kizibo cha soda kimoja kila moja. Hakuna mzazi aliyelalamika, na mzazi mmoja aliuliza kama hela halisi inakuja lini. Ukiiga mradi huu, andika barua kwa wazazi kabla ya kutundika mnyama yeyote. Mimi mwenyewe nyoka wa plastiki namkimbia. Sijui kwa nini sikuwaza.

15 Februari: Farasi ambaye hakuna anayemjua

Vitabu vya Kichina vina mfano uleule wa kueleza toni: mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kufoka. Silabi moja, sauti ikipanda au kushuka maana inageuka. Darasani kwangu mfano huu ulikufa siku hiyohiyo. Farasi hawamjui. Nilipoonyesha picha walisema punda, na mmoja akashikilia kuwa ni punda aliyeogeshwa. Katani ndiyo kabisa. Katika maneno manne walikuwa wanajua mama, na kufokewa.

Kiswahili chetu hakina toni. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mtoto akisikia mā na mà anasikia "ma" mbili, ya pili ikiwa ya ticha mwenye hasira. Kichaga kina toni, na bibi mmoja anayekuja kumchukua mjukuu aliiga mà yangu mara ya kwanza bila kosa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini wajukuu wenyewe nyumbani wanaongea Kiswahili.

Nilihangaika wiki nzima na mishale ubaoni. Dawa ikaja barabarani, nikiwa nimepakiwa kwenye bodaboda kuelekea Kibosho. Dereva alikuwa anabadilisha gia na injini inaimba: inanyooka, inapanda, inazama, inaporomoka. Jumatatu nikaingia darasani nimeshika usukani wa hewani.

Toni ya kwanza, boda iko kwenye lami tambarare: sauti juu, haitikisiki. Ya pili inapanda Kibosho. Ya tatu inateremka korongoni polepole, inafika chini kabisa, inajivuta kupanda upande wa pili. Ya nne imekatika breki. Watoto 22 wenye usukani, wanazunguka darasa wakiimba "mā". Na farasi nimemwondoa; nimeweka bàba, ambayo ni baba yuleyule wa Kiswahili ila ameshuka mlima bila breki. Walipogundua kuwa baba ni baba hata China, ilibidi nisimamishe somo wacheke.

Kosa langu mwenyewe. Nilimtumia Mchina niliyefanya naye kazi sauti za watoto, nikijua atasifia. Akarudisha ujumbe mfupi: mbona wote wanazama mara mbili? Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka ikapanda kama ya pili. Nǐ hǎo inaandikwa hivyo lakini inatamkwa ní hǎo. Nilishasomeshwa jambo hilo, nikalisahau kwa kulifikiria sana. Kuwafundisha vibaya ilikuwa siku tatu. Kuwanyoosha imekuwa wiki mbili, na wachache bado wanazama korongo mbili. Kwa hiyo kabla ya kupeleka neno darasani sasa namsikilizisha yeye kwanza.

1 Machi: Nane ni bunduki

Wachina huhesabu moja mpaka kumi kwa mkono mmoja. Mpaka tano ni kama sisi. Sita, liù, ni kidole gumba na cha mwisho. Saba, qī, vidole vitatu vimekutana ncha kama unachukua chumvi. Nane, bā, ni gumba na kidole cha shahada. Tisa, jiǔ, kidole cha shahada kimepinda ndoano. Kumi, shí, baadhi yao hufunga ngumi.

Watoto walishika mapema kuliko nilivyoshika mimi, ila kila mkono walishaupa kazi nyingine. Sita ni kupiga simu. Saba ni tonge la ugali. Na nane, bila shaka, ni bunduki. Jumatano nilipofika nane darasa zima liligeuka uwanja wa vita: "Pa! Pa!" Wawili wakafa chini ya meza. Nilikuwa nakaribia kukasirika nikasikia wanachosema. Ile b ya Kichina haina mtikisiko wa b yetu. Sikioni mwa Mswahili inakaribia p kavu. Mtoto anayefyatua "pa!" anatamka bā vizuri kuliko anayeniigiza mimi. Nikawaambia tu wafyatue angani, na sauti ikae juu bila kushuka. Nane ndiyo namba wanayoitamka vizuri kuliko zote.

Nne na kumi, sì na shí, nilizitegemea kuwa mwiba, maana China kwenyewe watu wengi wa kusini wanazichanganya. Hapa Mswahili ana mtaji: s na sh tumezitenga toka utotoni. Shida ni irabu, kwa sababu ile i si i yetu. Nimewaelekeza hivi: shí ni kumbembeleza mtoto anyamaze, "shhh", halafu uweke sauti. Sì ni tairi limepata pancha. Inatosha kwa umri wao.

Pipi: usijaribu. Nilinunua pakiti mbili, Sh 7,000, kila anayehesabu mpaka kumi apate moja. Siku ya nne mtoto alifika tano akasimama, akanyoosha mkono: "Nipe nusu." Nilipozisitisha ilikuwa siku tatu za mgomo.

15 Machi: "Cha che qi cho chu"

Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mwenzangu wa darasa la jirani, alinijia na daftari la mtoto ameliinua kama kielelezo cha mahakamani. Kwenye mstari wa silabi mtoto ameandika: cha che qi cho chu. Kaulizwa kwa nini. "Ticha wa Kichina ameiweka ukutani."

Na kweli nilikuwa nimeiweka. Chini ya kila picha niliandika neno kwa pinyin, mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini ulioidhinishwa China mwaka 1958. Nilidhani ni msaada. Lakini watoto wa miaka mitano ndiyo kwanza wanashika kuwa b na a ni ba, na mimi nawawekea herufi zilezile zenye tabia nyingine, tena na q na x ambazo Kiswahili hakina. Qī inasikika karibu na "chi", basi mtoto kwa akili yake akarahisisha maisha. Wachina wenyewe wanaanza pinyin darasa la kwanza.

Nimebandua zote. Ukutani zimebaki picha tupu. Mwenzangu hakuniongelesha siku mbili, na haki yake, nilimpelekea maandazi.

5 Aprili: Bati

Masika yameingia. Darasa letu ni la bati bila dari ya maana, na mvua ya saa tatu asubuhi ikishuka hapo hata jina lako husikii. Lugha ya toni chini ya bati ni kazi bure. Nilikuwa nimenunua spika ndogo ya bluetooth, Sh 28,000, ili watoto wasikie sauti ya Mchina mwenyewe. Kwenye mvua ikawa kama mtu anaongea ndani ya pipa, na kwenye jua walikuwa wanagombania kubonyeza kitufe. Mkuu anaitumia sasa kwenye vikao vya wazazi.

Nikageuza bubu. Nachora toni kwa mkono hewani, wao wanaonyesha picha ya mtu: mkono ukinyooka ni māma, ukiporomoka ni bàba. Mchezo wa kimya huku mvua inanguruma. Cha ajabu, zilipokatika siku za mvua toni zao zilikuwa safi zaidi. Nafikiri ni kwa sababu siku zile walilazimika kunitazama.

Mchezo wa pili ni karatasi ya chooni, roli moja Sh 800. Unashika kipande mbele ya mdomo. Ukisema bā karatasi imetulia. Ukisema pǎo, kukimbia, inaruka. Hiyo pumzi ndiyo tofauti yote ya b na p kwa Kichina. Watu wa Mombasa bado wanayo kwenye Kiswahili chao: paa la nyumba halina pumzi, paa mnyama anayo. Sisi wa bara tulishaiacha. Tatizo la mchezo huu ni mate. Andaa kitambaa.

Katika wiki hizo babu wa mtoto mmoja alikwama kwetu kwa mvua. Ujana wake alikuwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Akawasikia watoto, akasimama mlangoni na mwavuli wake akasema, "Péngyou!" Rafiki. Miaka hamsini, na pumzi ya p ipo. Nilimpa karatasi ajaribu. Ikaruka mpaka mstari wa mbele.

3 Mei: Nyama, nyama

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchezo wa nyama nyama kila mtoto wa Tanzania anaujua. Kiongozi anaita "Nyama nyama nyama!", wote wanaruka "Nyama!" Anaita nyama ya ng'ombe, wanaruka. Anaita nyama ya simba, atakayeruka ametoka. Nikasema, hawa wanyama si ndio niliowachapisha kwa Sh 45,000? Nikaugeuza mchezo wote Kichina. Nyama ikawa ròu, wanyama kwa Kichina, hata amri ya kutoka kwa Kichina.

Haukumaliza siku mbili. Wengine wanasema "lou", wengine "jou", hakuna anayejua aruke lini, na waliotolewa wanalia kwamba hawakuelewa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Niliwanyang'anya mchezo wao.

Wiki iliyofuata nikarudisha kila kitu Kiswahili isipokuwa jina la mnyama. "Nyama ya niú!" Wanaruka. "Nyama ya jī!" Wanaruka. "Nyama ya māo!" Kimya, na mmoja karuka, na darasa linamzomea kwa furaha kuwa amekula paka. Kwa dakika 10 walisikia majina ya wanyama nane, kila moja si chini ya mara kumi, na hakuna aliyeuliza uji. Siku ya tatu walianza kuongoza wenyewe. Jumatatu mzazi aliniambia mwanawe anauita mchezo huo nyumbani na baba yake ndiye anayetolewa kila mara. Wiki mbili baadaye nikaingiza ròu tena, kimyakimya, na ikapita. Tangu hapo kipya kinaingia kimoja tu: mchezo mpya kwa maneno waliyozoea, au neno jipya kwa mchezo waliozoea.

Kulikuwa na mgogoro wa zhū, nguruwe. Nilipoita, nusu ya darasa iliruka na nusu ikabaki chini, na hakuna aliyekosea. "Sisi hatuli!" "Baba anakula kila Jumapili!" "Basi baba yako ametoka!" Kuna watoto wa Kiislamu, kuna Wasabato, na kuna wale ambao kitimoto ni sherehe. Nikamtoa zhū kabla wazazi hawajaja kwa mara ya pili mwaka huu, nikamweka sungura.

Yáng nayo ilileta kesi. Kwa Kichina yáng ni kondoo na mbuzi kwa pamoja. Mtoto wa Moshi hawezi kukubali. Mbuzi ni mbuzi. Wakitaka kutofautisha, Wachina humwita mbuzi shānyáng, yáng wa mlimani. Niliposema hivyo kuna mtoto alitikisa kichwa kama mzee wa baraza: "Wa kwa babu." Ndivyo neno shān, mlima, lilivyoingia bila mimi kulipanga.

Twiga nilimtaka kwa moyo wote. Ni mnyama wetu wa taifa, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China. Jina lake ni chángjǐnglù, paa wa shingo ndefu. Nilihadithia vizuri sana. Waliniuliza kama analiwa.

24 Mei: Uji

Niligundua kuwa darasani wanasema Kichina kwa sababu nimewaambia. Hakuna mwenye haja nacho. Haja yao ya kweli kila siku ni moja, inakuja saa nne kwa ndoo. Uji kwa Kichina ni zhōu. Kule hupikwa hasa wa mchele, ila neno linabeba. "Wǒ yào zhōu", nataka uji. Nikamfundisha mama wa jikoni, akaipenda kazi. Mtoto anakuja na kikombe, anasema, anapata.

Siku mbili foleni ilisema kwa sauti safi kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Nikaanza kujisifu.

Siku ya tatu nilitoka kuongea na simu. Niliporudi foleni ilikuwa imeisha, watoto wanakunywa, na kando ya ndoo amesimama mvulana mmoja, yule wa dirishani asiyeongea sana hata Kiswahili. Kikombe cha bluu amekishika kwa mikono miwili, kifuani. Mama wa jikoni kainama anamwambia kwa upole, "Sema basi, baba, wǒ yào." Ametazama ndani ya kikombe. Halii, hasogei. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Uji kwenye ndoo ulishafanya utando.

Nilimjazia mwenyewe. Mama wa jikoni hakuwa na kosa, alifuata sheria, na sheria niliitunga mimi. Nimeifuta siku hiyohiyo. Chakula hakiwekewi masharti, na najua nilipaswa kulijua hilo kabla ya kulijua Kichina.

Sasa wote wanamiminiwa kwanza, bila neno. Kichina ni cha kuongeza: "hái yào", nataka tena. Asiyesema akainua kikombe tu anaongezewa vilevile, ila mama wa jikoni anamsemea yeye, "hái yào", kisha anamimina. Sauti imerudi kuwa kubwa kama mwanzo, na imekuwa ya utani, wanasema hata wakiwa wameshiba. Mvulana wa dirishani siku sita aliinua kikombe. Ya saba alikiinua akasema "yào". Toni ilikuwa sahihi, boda bila breki. Hakuna aliyemshangilia, nilikuwa nimewakonyeza wote watulie.

4 Juni: Mlima, na hesabu

Hatua ya mwisho ya muhula ni herufi moja tu. Nimechagua 山, shān, kwa sababu asubuhi mawingu yakifunguka inaonekana mlangoni kwetu. Vilele vitatu, cha katikati kirefu. Ukiutazama Kilimanjaro kutoka Moshi, kushoto ni Shira, katikati Kibo wa mita 5,895, kulia Mawenzi wa mita 5,149. Hata utaratibu wa kuandika unakubali: unaanza na mstari wa katikati, unashuka wa kushoto na kupinda kulala chini, unamaliza na wa kulia. Tunaimba "Kibo, Shira, Mawenzi" vidole vikiwa kwenye mchanga. Sinia tisa za plastiki, Sh 27,000. Mchanga ni wa mafundi wa jirani, bure. Kalamu na karatasi nilijaribu siku moja, vidole vyao bado. Mchanga unasamehe, unautikisa tu.

Mtoto mmoja alichora upande wa kulia umekatikakatika. Nikamwambia ni mstari mnyoofu. Akatoka mlangoni, akatazama, akarudi: "Mawenzi ana meno." Mwingine alidai Shira haonekani, na hapo ana hoja, maana kutoka kwetu ni bega tu la mlima. Niliwaonyesha wa Kichina ulivyo, wakaandika huo, na pembeni ya sinia wakachora wa kwao.

Fedha iliyotoka muhula mzima ni Sh 123,300. Kadi 45,000, bando 10,000, spika 28,000 na pipi 7,000: hizo Sh 90,000 ningezirudisha mfukoni leo hii. Manila 4,000, nusu kwa nusu. Soksi, karatasi ya chooni na sinia, Sh 29,300, zinafanya kazi mpaka leo. Mchezo wa nyama na ndoo ya uji havikugharimu kitu.

Ambacho hakijakaa: yú, samaki, wengi bado wanasema "yu" ya kawaida. Nawaambia waseme "i" huku midomo imekaa ya kupiga mluzi, wanaishia kupiga mluzi. Wanne wanachanganya toni ya pili na ya tatu. Mdoli ameng'oka jicho.

Muhula ujao naanza na 火, huǒ, moto, kwa kuwa hadithi ninayo tayari: Mawenzi aliyekwenda kwa Kibo kuomba moto kila siku mpaka Kibo akamtwanga kwa mchi, ndiyo yale meno. Sinia nane nimezifungia kabatini. Ya tisa mama wa jikoni anapepetea mchele.